Amri zinazovuka mashini: historia ya skripti na faida yake kwa mwenye kuhama

Mtu anayekimbia volkano ao vita hana nafasi ya kubeba ordinatere ya mezani. Tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, wakaaji wengi wa Goma walitoka usiku na watoto mkononi na mizigo kichwani. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, familia nyingi zilihama tena, na kwa zingine ilikuwa mara ya pili ao ya tatu. Mashini inabaki nyuma. Inaungua, inaibiwa, ao inauzwa kwa bei ya haraka. Kijana aliyejifunza kazi ya ordinatere anabaki na kile alichonacho kichwani tu. Hapo ndipo swali linakuja: alichojifunza kwenye mashini ya kwanza kitamsaidia kwenye mashini nyingine atakayoikuta mbele, hata kama si ya aina ile?

Kwa sehemu kubwa ya ujuzi wa ordinatere, jibu ni nusu ndiyo, nusu hapana. Aliyezoea kubonyeza picha za Windows anapotea kidogo akiwekwa mbele ya Linux ao Mac. Vifungo vimehama, majina yamebadilika. Lakini kuna sehemu moja ambayo jibu lake ni karibu ndiyo kamili: amri za maandishi. Hapo mtu habonyezi picha. Anaandika mstari mmoja wa maneno, mashini inautekeleza na kujibu kwa maneno. Mistari hiyo ikipangwa ndani ya faili moja ili mashini iifuate yenyewe kutoka juu hadi chini, faili hiyo inaitwa skripti. Ni kama karatasi ya maagizo anayoachiwa mfanyakazi asubuhi.

Amri hizo hazikuanza na uwezo wa kuvuka kutoka mashini moja hadi nyingine. Zilifikishwa hapo kwa zaidi ya miaka 60, na watu waliochoka kurudia kazi ile ile kila mashini ilipobadilika. Historia yao inamwonyesha kijana wa leo nini cha kujifunza kwanza, na wapi atajikwaa.

Mfaransa aliyechoka kurudia

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, ordinatere ilikuwa mashini ya kujaza chumba kizima. Watu walileta kazi zao kwenye kadi za karatasi zilizotobolewa, wakaacha, wakarudi kesho kuchukua majibu. Katika chuo cha MIT, inchini Marekani, kikundi cha watafiti kilitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 1961. Mfumo huo uliwezesha watu wengi kutumia mashini moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa mbele ya taipureta yake.

Mwaka 1963 akafika hapo Mfaransa mmoja, Louis Pouzin. Aliona kwamba kila siku anaandika amri zile zile, kwa utaratibu ule ule. Akatunga programu ndogo aliyoiita RUNCOM. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuelewa: inasoma orodha ya amri kutoka kwenye faili, inazifanya moja baada ya nyingine. Hapo wazo la skripti likazaliwa.

Pouzin hakuishia hapo. Aliandika namna lugha ya amri inavyoweza kujengwa kwa ajili ya mfumo mpya uliokuwa unatayarishwa, Multics, na akaipa jina la Kiingereza lenye maana ya ganda: kitu kinachozunguka kiini cha mfumo, ambacho mtu anakigusa kwanza kabla ya kufika ndani. Mwaka 1965, mwanamke mmoja wa MIT, Glenda Schroeder, aliandika ganda la kwanza la Multics. Pouzin alirudi Ufaransa, na katika miaka ya 1970 aliongoza mradi wa Cyclades, ambao mawazo yake yaliwasaidia waliojenga intaneti. Alama ya kazi yake ya kwanza ingali hai: faili nyingi za matayarisho katika Linux na Mac majina yao yanaishia kwa herufi «rc», ambazo zinatoka kwenye RUNCOM.

Ndoo kutoka mkono hadi mkono

Multics ilikuwa kazi ya pamoja ya MIT, kampuni ya General Electric na maabara za Bell Labs. Kazi ilichelewa na gharama zikapanda. Mwaka 1969 Bell Labs ikajitoa. Wafanyakazi wake wawili, Ken Thompson na Dennis Ritchie, wakabaki bila mfumo waliokuwa wameuzoea. Thompson akapata mashini ndogo ya zamani, PDP-7, ambayo haikuwa na kazi nyingi. Juu yake akaanza kujenga mfumo mwingine, mwepesi. Ndio ulioitwa Unix. Mwezi wa Novemba 1971 kitabu chake cha kwanza cha maelezo kilitoka, na ndani yake kulikuwa na ganda lenye jina la herufi mbili tu: sh. Herufi hizo mbili zingali zinafanya kazi leo.

Mkubwa wao katika idara ile, Doug McIlroy, alikuwa na wazo lake tangu mwaka 1964: programu ziunganishwe kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani, mwisho wa kimoja uingie mwanzo wa kingine. Mwaka 1973 Thompson alilitia wazo hilo ndani ya Unix. Alama yake ni kistari kilichosimama: |

Faida yake inaonekana kwa mfano wa kazi inayojulikana sana kwenye makambi na katika familia zinazopokea wageni. Watu watatu wameandika majina ya familia zilizofika, jina moja kwa kila mstari, kisha faili zao zimeunganishwa kuwa moja, majina.txt. Kuna mistari iliyorudiwa. Mstari huu mmoja wa amri unatosha kujua ni majina mangapi tofauti yaliyomo:

sort majina.txt | uniq | wc -l

Amri ya kwanza, sort, inapanga majina kwa alfabeti. Ya pili, uniq, inaondoa mstari unaofanana kabisa na uliotangulia. Ndiyo sababu majina yapangwe kwanza, maana uniq haioni marudio yaliyo mbali. Ya tatu, wc -l, inahesabu mistari. Hakuna amri hata moja kati ya hizo inayojua chochote kuhusu wakimbizi. Kila moja inafanya kazi moja na kumpitishia mwenzake, kama watu waliojipanga mstari kutoka mtoni wakipitishiana ndoo. Mstari huo ungefanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1970, na unafanya kazi leo kwenye Linux, kwenye Mac, na kwenye telefone ya Android iliyotayarishwa vizuri.

Kutoka kwenye kifungo cha mashini moja

Lakini mwanzoni Unix yenyewe ilikuwa imefungwa. Iliandikwa kwa lugha ya ndani ya mashini za PDP. Aliyenunua mashini ya kampuni nyingine alipaswa kuanza upya. Mwaka 1973 Thompson na Ritchie waliandika upya kiini cha Unix kwa lugha ya C, ambayo Ritchie ndiye aliyeitunga. Lugha hiyo haikufungwa na mashini moja. Ukiwa na programu ya kuitafsiri kwa mashini mpya, sehemu kubwa ya kazi ya zamani inahama pamoja nawe.

Mwaka 1977 jambo hilo likathibitishwa mara mbili, pembe mbili za dunia. Katika Universite ya Wollongong, inchini Australia, Unix ilihamishwa kutoka PDP-11 hadi mashini ya Interdata 7/32. Karibu wakati ule ule, watu wa Bell Labs waliihamisha hadi Interdata 8/32. Kabla ya hapo, mfumo wa ordinatere ulikuwa kama nyumba ya matofali: ukihama, unaiacha. Baada ya hapo ulikuwa kama hema.

Kulikuwa pia sababu ya sheria. Kampuni ya AT&T, iliyomiliki Bell Labs, ilikuwa imefungwa tangu 1956 na makubaliano na serikali ya Marekani yaliyoizuia kufanya biashara nje ya mambo ya simu. Haikuweza kuuza Unix kama bidhaa ya kawaida. Kwa hiyo iliwapa wanavyuo kwa bei ndogo, pamoja na maandishi yake ya ndani. Wanafunzi wakayasoma, wakayarekebisha, wakayasambaza.

Mwaka 1979 toleo la saba la Unix lilitoka na ganda jipya lililotungwa na Mwingereza Stephen Bourne. Hilo ndilo lililofanya skripti kuwa lugha kamili: yenye masharti, yenye marudio, yenye kuhifadhi majina na hesabu. Anayejifunza leo hucheka anapoona kwamba sharti linaloanza kwa neno if linafungwa kwa fi, neno lile lile likisomwa kinyume, na case inafungwa kwa esac. Bourne alichukua desturi hiyo kutoka lugha ya ALGOL 68.

Ndugu wakagombana

Tarehe 1 Januari 1984 AT&T iligawanywa, na ile kampuni iliyobaki ikaruhusiwa kuingia biashara ya ordinatere. Unix ikawa mali ya kuuzwa kwa nguvu. Sun, IBM, HP, DEC, kila moja ilikuwa na Unix yake, na kila moja iliongeza mambo yake ili mteja asitoke. Maganda nayo yalizidi. Katika Universite ya Berkeley, Bill Joy alikuwa ametunga ganda la csh, lenye sarufi tofauti na ile ya Bourne. Pale Bell Labs, David Korn akaleta ksh. Mwaka 1988 wauzaji waligawanyika katika kambi mbili zilizopingana waziwazi.

Hasara ilimwangukia mtumiaji. Skripti iliyofanya kazi kwenye mashini ya kampuni moja ilikataa kwenye mashini ya jirani, wakati mwingine kwa sababu ya herufi moja. Mtu aliyesoma kwa mashini za kampuni moja alikuwa kama amefungwa kwao. Kubadilisha kazi kulimaanisha kujifunza upya.

Suluhisho lilikuwa kuketi mezani. Chama cha mainjinia IEEE kiliunda kamati, na mwaka 1988 mapatano ya kwanza yakatoka. Jina lao, POSIX, lilipendekezwa na Richard Stallman. Mwaka 1992 ikafuata sehemu inayohusu ganda na amri zake. Mapatano hayo hayasemi namna amri ijengwe ndani. Yanasema amri fulani ikipewa kitu fulani inapaswa kujibu nini. Kila kampuni ilibaki huru kuongeza mapambo yake, mradi kiini cha pamoja kiwepo.

Msomaji wa Kiswahili anaelewa jambo hili bila taabu. Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu, cha Mombasa na cha Unguja si kimoja. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili katika makoloni ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki, na Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi. Watu hawakuacha kusema kama wanavyosema nyumbani. Lakini anayeandika barua ao kusoma habari ana mahali pa kukutana na wengine. Kingwana cha Kongo hakikuwa kwenye meza ile, na mpaka leo mkaaji wa Kivu anayesoma kitabu cha Dar es Salaam anakutana na maneno ya kumsimamisha. Kwa upande wa ordinatere pia kuna ambaye hakukaa mezani tangu mwanzo, na matokeo yake yanaonekana bado.

Upande wa Microsoft

Mfumo wa Microsoft, MS-DOS, ulianza mwaka 1981 ukiwa na ukoo wake mwingine. Toleo la pili, la mwaka 1983, lilileta folda ndani ya folda, wazo lililotoka Unix. Lakini mkwaju wa kawaida, /, ulikuwa umeshatumiwa na amri za DOS kwa kazi nyingine. Kwa hiyo wakachagua mkwaju uliolala upande wa pili, \, kutenganisha majina ya folda. Uamuzi huo wa miaka zaidi ya 40 iliyopita ndio unaofanya anuani ya faili ya Windows isifanane na ya Linux.

Tofauti ya pili haionekani kwa macho. Mwisho wa mstari, Unix inaweka alama moja ya siri. DOS na Windows zinaweka mbili: moja ya kurudisha kichwa cha taipureta mwanzo wa mstari, nyingine ya kusogeza karatasi. Ni urithi wa mashini za kupiga chapa. Kijana akiandika skripti kwenye Windows kisha akaipeleka Linux, alama ile ya ziada inaweza kuifanya mashini ilalamike kwamba amri haijulikani, wakati yeye anaiona imeandikwa sawasawa. Wanaoanza wengi hupoteza siku nzima hapo. Dawa ni kuandikia kwenye programu inayomruhusu mtu kuchagua mwisho wa mstari wa aina ya Unix.

Kwa miaka mingi Windows ilibaki na lugha yake ya amri, iliyo nyepesi lakini dhaifu. Mwaka 2006 Microsoft ilitoa PowerShell, iliyoongozwa na Jeffrey Snover. Ni lugha yenye nguvu, lakini sarufi yake ni tofauti na ya sh. Kisha mwaka 2016 mambo mawili yakatokea ambayo wachache wangeyatarajia miaka kumi mbele yake: Microsoft ilifungua maandishi ya PowerShell na kuipeleka kwenye Linux na Mac, na ikaweka ndani ya Windows 10 njia ya kutumia amri za Linux zenyewe. Aliyekuwa nje ya meza alikuwa amevuta kiti.

Mfumo wenye jina la utu

Wakati makampuni yanagombana, kikundi kingine kilikuwa kinajenga bila kuuza. Mwezi wa Septemba 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye shabaha ya kutengeneza mfumo wa aina ya Unix ambao kila mtu ana haki ya kuutumia, kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Mwaka 1989 Brian Fox alitoa ganda la mradi huo, bash, lililofuata njia ya Bourne. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alitangaza kiini chake cha Linux, na bash ilikuwa kati ya programu za kwanza alizozifanya zitembee juu yake.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, alianzisha Ubuntu, mfumo wa Linux wenye jina la Kiafrika ambalo Mswahili analisikia mara moja kuwa ndugu wa neno utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, diski zake zilitumwa bure kwa posta kwa aliyeomba popote duniani. Kwa inchi ambako intaneti ilikuwa nzito na ghali, hilo halikuwa jambo dogo.

Ubuntu hiyo hiyo ndiyo iliyotoa somo kubwa kuhusu skripti. Skripti nyingi zilikuwa zinaanza kwa mstari unaosema «nifanyie kwa sh», lakini ndani yake zilitumia mapambo ya bash. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu kwenye Linux nyingi sh ilikuwa bash iliyovaa jina lingine. Mwezi wa Oktoba 2006 Ubuntu ilibadilisha: sh ikawa dash, ganda dogo na lepesi linalofuata mapatano ya POSIX bila mapambo. Lengo lilikuwa mashini iwake haraka. Mara skripti nyingi zikaanguka. Hazikuwa zimeharibika siku ile. Zilikuwa zimeandikwa kwa lugha ya nyumba moja, zikajidai lugha ya wote.

Mac nayo ilifika kwenye kona hiyo. Mwaka 2019 Apple iliacha bash kama ganda la kawaida na kuweka zsh, lililotungwa mwaka 1990. Aliyekuwa ameandika kwa sh tupu hakusumbuka.

Mwanafunzi wa leo ashike nini

Historia hii inatoa utaratibu wa kujifunza usiohitaji mashini ya bei kubwa.

Kwanza, aanze na sh ya POSIX, si mapambo ya ganda moja. Amri kumi na mbili hivi zinatosha kwa miezi ya kwanza: cd, ls, pwd, mkdir, cp, mv, cat, grep, sort, uniq, wc, printf. Hizo atazikuta Linux, atazikuta Mac, na kwenye Windows atazipata kupitia njia ile ya Linux iliyowekwa ndani, ao kupitia programu ya Git, ambayo inakuja na bash yake.

Pili, ajue kwamba jina la amri kufanana si hakikisho. Amri ya sed, kwa mfano, inakubali chaguo la -i kwa namna moja kwenye Linux na kwa namna nyingine kwenye Mac. Amri ya echo inatofautiana ganda hadi ganda, ndiyo sababu printf ni salama zaidi.

Tatu, asiyekuwa na ordinatere asifikiri mlango umefungwa. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Programu ya bure ya Termux inaifanya telefone ya kawaida kuwa na ganda, na mtu anaweza kuandika skripti kwenye kioo kidogo, kuiweka kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha kuifungua siku atakapopata mashini kubwa. Intaneti inahitajika siku ya kuiweka. Baada ya hapo mazoezi yanaendelea bila mtandao, hata umeme ukikatika, mradi telefone ina moto.

Nne, kazi ikizidi mistari 50 ao ikipaswa kutembea Windows na Linux bila mabadiliko, ahamie Python. Lugha hiyo ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, na ina vyombo vinavyojua vyenyewe kama anuani ya faili inahitaji mkwaju wa upande gani. Aliyepita kwa sh hataona Python kuwa ngeni.

Tahadhari kwa orodha za watu

Kuna jambo ambalo vitabu vya ufundi havilisemi sana, lakini kwa wakaaji wa makambi lina uzito. Amri haijui anachokijua mtu. Ule mstari wa sort na uniq unaondoa mistari inayofanana. Lakini wamama wawili wanaweza kuitwa jina moja, mmoja kutoka Masisi na mwingine kutoka Rutshuru. Kwa uniq ni mtu mmoja, na familia moja inatoka kwenye orodha bila kelele. Kinyume chake, jina moja lililoandikwa kwa namna mbili, Furaha na Fraha, linahesabiwa mara mbili. Kwa hiyo orodha iwe na kitu zaidi ya jina: kijiji walikotoka, hesabu ya watoto, namba ya hema. Na marudio yaonyeshwe kwanza, yasifutwe:

sort majina.txt | uniq -d

Chaguo la -d linaandika tu majina yaliyorudiwa, ili mtu anayewajua akae chini, ayaangalie moja moja, aulize. Mashini inapunguza kazi kutoka majina elfu hadi kumi. Hayo kumi ni kazi ya binadamu.

Tena, orodha ya watu waliohama si faili ya kuacha kwenye cyber ao kutuma kwenye vikundi vya telefone. Ikiingia mikono mibaya inaonyesha nani yuko wapi. Anayeishughulikia afanye nakala moja kabla ya kuigusa, aiweke mahali pamoja panapojulikana, na afute iliyobaki kwenye mashini ya watu. Ajihadhari na amri ya rm, kwa sababu ikifuta haiulizi mara mbili na hairudishi. Na majina ya faili yenye nafasi katikati ayatie ndani ya alama za nukuu, la sivyo ganda litayasoma kama faili mbili.

Kijana aliyeshika hayo machache anaweza kuacha mashini yake Goma, akakaa mbele ya nyingine Kampala, Bujumbura ao Kigoma, akafungua dirisha la amri na kuandika sh. Mstari wa pili anaweza kuuliza ni folda gani aliyomo: pwd. Kutoka hapo anaendelea na kazi aliyokuwa ameianza.